Habu Iliyozikwa Chokaani

Nitalisema mapema ili nisije nikaonekana nazunguka: nilimwonea wivu dada yangu. Si wivu wa mali, wala wa mume aliyempata, maana shemeji yangu ni mpole hata kumwonea mtu wivu kwa ajili yake ni kazi. Nilimwonea wivu wa mkono. Ni dada yangu wa tumbo moja, kitinda mimba wa nyumba yetu, niliyembeba mgongoni nikiwa tayari nina ndevu za kwanza, na ambaye hadi leo akinikuta uani husema "Shikamoo kaka" kwa adabu inayoniudhi zaidi kuliko kama angenipita kimya.

Kwetu ni Msambweni, upande wa kuelekea Ramisi, ambako minazi inapungua na miwa inaanza. Baba alikuwa mchomeleaji katika karakana ya kiwanda cha sukari. Kiwanda kile cha zamani kilipofungwa, alirudi nyumbani na mashine kuukuu ya kuchomelea, ngao ya uso iliyoungua ukingoni, na vinywa vingi vya kulisha. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, sina mbele wala nyuma. Akanisimamisha chini ya banda la makuti nyuma ya nyumba, akanifundisha kazi kwa mwezi mmoja, kwa kelele. Shika hivi. Siyo hivyo. Tazama moto, usinitazame mimi. Mwezi ulipokwisha nilikuwa natengeneza mageti, na tangu hapo mageti ndiyo yaliyonilea mimi na wanangu. Ukipita njia ya Diani na kuona geti lenye maua ya chuma juu yake, huenda ni langu.

Dada yangu, baba alimfundisha baadaye sana, nyumba ilipokwisha kutulia. Alikuwa msichana wa shule ya msingi na baba hakuwa na haraka tena. Walikuwa wakikaa bandani baada ya alasiri na birika la kahawa, baba anamweleza vyuma kana kwamba anamhesabia watu wa ukoo: huyu ni mlaini, huyu ni mkaidi, huyu ukimshtua anavunjika. Mimi niko upande wa pili napiga geti msasa, nasikia kila neno. Maneno yale mimi sikuwahi kuambiwa. Leo dada ana cheti cha chuo cha ufundi na anafanya kazi katika karakana ya hoteli moja huko Diani, anatengeneza mapampu na majenereta na kila kinacholiwa na chumvi ya bahari.

Kwetu watu wote huniita Fundi. Kuanzia sokoni hadi msikitini mimi ni Fundi, na kuna watoto wa shule ambao nadhani hawajui kama nina jina jingine. Baba peke yake ndiye ambaye hakuwa ameniita hivyo hata siku moja. Nikimaliza kazi humpelekea aikague. Macho yake yameingiwa na mtoto wa jicho, kwa hiyo hatazami. Hupitisha gumba juu ya mshono wa chuma, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha husema, "Yafaa." Miaka yote hiyo, yafaa. Nimewahi kumpelekea geti lililonichukua wiki tatu, lina matawi ya mkomamanga na ndege wawili, akapitisha gumba na kusema yafaa, kisha akauliza kama chakula kimeiva.

Wiki mbili kabla ya masika, trekta la baba lilipasuka habu ya gurudumu la mbele. Habu ni kile chuma cha duara kinachoshika gurudumu kwenye ekseli. Mtu mmoja mwenye mgongo mzima anaweza kuibeba. Ufa ulitoka kwenye tundu la bolti ukaenda hadi karibu na katikati. Trekta lenyewe ni kongwe kuliko kila dereva aliyewahi kulikalia. Nilivuka feri nikazunguka maduka ya vipuri ya Mombasa kutwa nzima, na wenye maduka wakaipokea habu yangu, wakaigeuza, wakanirudishia kwa upole wa mtu anayekupa pole ya msiba. Haipatikani. Na huku mawingu yalikuwa yameanza kukaa upande wa bahari, na shamba letu pamoja na mashamba ya majirani wanne yakilingoja jembe. Mvua ingeanguka juu ya ardhi isiyolimwa, mahindi ya mwaka ule tungeyaona kwa watu.

Niliporudi mikono mitupu baba alinisikiliza, kisha akasema, "Basi mngoje dada yako. Jumamosi yuaja, ana ofu."

Hakusema nitazame kama nitaweza. Hakusema hata tushauriane. Nilijibu "Haya, baba," nikatoka, na kabla sijafika bandani nilikuwa nimekwisha kata shauri kwamba Jumamosi dada atalikuta trekta shambani linalima.

Habu ni chuma cha kusubu, yaani kilichomiminwa kwenye kalibu kikiwa maji, si chuma cha kupinda kama vile vya mageti. Baba alikuwa na njia yake ya kukichomelea, aliyotoka nayo kiwandani. Kwanza unakipasha moto juu ya makaa ya vifuu vya nazi mpaka tone la maji likikidondokea linaruka. Unachomelea kidogo kidogo. Halafu unakizika kingali moto ndani ya pipa la chokaa kavu, kipoe taratibu mpaka kesho yake. Chuma cha namna hiyo kikipozwa ghafla kinajivuta na kupasuka. Kwa hiyo hakifukuliwi mpaka mkono mtupu uweze kuzama ndani ya chokaa hadi kifundoni na usitamani kutoka. Pipa la chokaa liko bandani tangu nipate akili. Niliyajua yote haya, nilikuwa nimeyasikia nikipiga msasa. Lakini ilikuwa Ijumaa asubuhi. Kuizika habu ilikuwa na maana ya kuifukua Jumamosi, na Jumamosi ilikuwa na mwenyewe.

Basi nikaichomelea kwa rodi zangu za mageti, nikaiacha ipoe upeponi, nikaifunga. Saa tisa alasiri trekta lilikuwa shambani. Lilikwenda mistari miwili, nami nikitembea nyuma yake nimefunga mikono mgongoni. Kwenye mstari wa tatu, mbele ya majirani wote wanne waliokuja kutazamia zamu zao, gurudumu la mbele lililala upande na trekta likapiga magoti. Jirani mmoja, mzee mwenye maneno yake, akalizunguka taratibu, kisha akaja akaniwekea mkono begani.

"Fundi," akasema, "na hili nalo ulidhani ni geti?"

Walicheka. Nikacheka nao, maana ukikataa kucheka ndipo jina linapokuganda. Likaniganda hata hivyo. Hadi leo wako wanaoniita Fundi Mageti, na wengine kati yao ni watoto ambao siku hiyo hawakuwepo.

Jumamosi dada alishuka kwenye tuktuk na mkoba wake, amenyosha nguo utadhani anakwenda harusini. Akaniamkia, akamsalimia baba, akavua buibui, akavaa ovaroli. Alikuwa amekuja na rodi za nikeli, zile za chuma cha kusubu, alizozifunga ndani ya mfuko wa plastiki zisipate unyevu. Aliitazama habu, akautazama mshono wangu uliopasuka katikati, na hakusema neno. Angesema neno ningepata la kumjibu. Badala yake alichukua grainda akausaga mshono wangu wote ukawa vumbi, akachimba ufa mpaka chini, kisha akaniambia kwa upole wake ule ule, "Kaka, utaniwashia vifuu?"

Nikawasha vifuu. Mtu mzima, mwenye wajukuu, ninapuliza makaa kwa kipande cha boksi huku mdogo wangu akivaa ngao ya uso ya baba.

Sitamsingizia. Alifanya kazi vizuri, na hilo ndilo lililonikaa kooni. Alikuwa akichomelea urefu wa kidole kimoja, anasimama, anaugongagonga mshono kwa nyundo ndogo ungali mwekundu, anangoja, ndipo anaendelea. Moto ukiwa sawa, mlio wake ni wa samaki anayekaangwa, haukatiki wala haurukiruki. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, kichwa amekiinamisha, anausikiliza mlio ule na tabasamu dogo mdomoni. Tabasamu lile nililitafuta kwenye mageti yote niliyowahi kutengeneza.

Alipomaliza tukaichukua habu kwa koleo mbili, tukaiteremsha ndani ya pipa, akaifunika chokaa. Akaisawazisha juu kwa viganja vyake, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Baba alikuwa bado amekaa. Hakuwa hata amegusa chuma kwa gumba.

"Ahsante, fundi," akasema.

Niligeuka nikajifanya natafuta koleo niliyokuwa nimeishika mkononi. Sijui kama niliwahi kuumia namna ile nikiwa na afya yangu. Miaka thelathini na ushei nikilingoja neno moja, na yeye amelipata kwa alasiri moja, bila hata kuliomba, na hakuonekana kulisikia. Alikuwa akinawa mikono.

Adhana ilipolia baba alikwenda msikitini. Dada alisali ndani, kisha akatoka kwenda kumjulia hali shangazi nyumba ya tatu. Nikabaki bandani peke yangu na pipa. Mimi nilisali baadaye, na nikiwa mkweli, sala ile haikuwa na maana yoyote.

Nilichotaka ni kuona tu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nilichukua mwiko wa kujengea, nikaisogeza chokaa pembeni, pembeni tena, mpaka habu ikatokeza. Ilikuwa bado moto kiasi cha kuniunguza uso nikiinama. Na mshono ulikuwa mzuri. Ulikuwa umelala sawasawa, mwembamba, umepangana kama mshono wa cherehani kwenye kanzu ya Idi. Nilitafuta kosa. Nilitafuta tundu, nilitafuta mahali pasiposhika, nilitafuta chochote cha kumwonyesha baba kwa gumba. Chokaa ilikuwa imeganda upande mmoja na sikuona vizuri, nikachukua kitambaa kilichokuwa kwenye ndoo, kibichi, nikapangusa.

Tik.

Haukuwa mlio mkubwa. Ni sauti ya mtu anayevunja kidole chake kimoja chumba cha pili. Lakini mchomeleaji akiisikia haulizi ni nini. Nilisimama na kitambaa mkononi kikitoa mvuke, kisha nikairudisha chokaa yote haraka haraka, nikaisawazisha kwa mwiko, nikaenda kupaka grisi ekseli ambayo ilikuwa tayari na grisi.

Siku ya pili asubuhi, baada ya chai, tulikwenda bandani watatu. Dada alinyosha mkono kuuzamisha kwenye chokaa, ukasimama hewani. Sikujua anatazama nini mpaka nami nikatazama. Jana yake alikuwa ameisawazisha chokaa kwa viganja, na sasa haikuwa na alama ya kiganja hata kimoja. Ilikuwa bapa, ina mistari mirefu ya mwiko. Akauzamisha mkono, akaitoa habu, akampa baba.

Gumba la baba lilianza safari yake mwanzoni mwa mshono. Lilikwenda vizuri mpaka katikati, likasimama. Likarudi nyuma kidogo, likaja tena, likasimama pale pale. Ukucha ukaingia kwenye ufa.

"Mkono wako ulikuwa na haraka, mama," baba akasema. Humwita mama kwa sababu amebeba jina la bibi yetu.

Dada alinitazama. Hakunikazia macho, alinitazama tu, kama unavyomtazama mtu uliyemkuta mahali ambapo hukutarajia. Mimi nikatazama pipa. Nilikuwa najua kwamba ulimi wake ukiteleza neno moja tu, sitakuwa Fundi, sitakuwa hata Fundi Mageti, nitakuwa mwanamume wa makamo aliyevunja chuma cha baba yake kwa husuda, na mvua inakuja.

"Ndiyo, baba," akajibu. "Nilikuwa na haraka. Nisamehe. Nitaurudia mshono."

Mtu mwema angeona aibu na kusema kweli hapo hapo. Mimi niliona aibu, lakini kilichotangulia ni wivu tena, wivu mpya kabisa. Nilimwonea wivu hata kwa namna alivyonistahi. Niliona kwamba hata katika hilo amenishinda, na kwamba mimi nisingeliweza.

Akausaga mshono wake mwenyewe. Nikawasha vifuu bila kuombwa. Alichomelea upya, kidole kwa kidole, rodi za nikeli zikabaki mbili, ikabaki moja, na ile ya mwisho iliishia palipostahili kuishia. Tukaizika. Adhuhuri ilikuwa imepita, na jioni ile alitakiwa awe kazini Diani. Alibadili nguo, akaaga ndani, kisha akaja bandani nilikokuwa nimesimama. Baba alikuwa barazani, hatua chache tu.

"Kaka," akasema, "mimi naondoka. Wewe ndiye utakayeilinda. Usimwache mtu yeyote aifukue."

"Haya," nikasema.

"Yeyote, kaka."

Alisema hivyo bila hasira na bila kucheka, akaenda kupanda tuktuk yake. Nilikivuta kigoda cha baba nikakaa mbele ya pipa. Juu ya chokaa kulikuwa na alama za viganja vyake, vidole vyote kumi, wazi kabisa. Majirani walipita kuuliza kuna nini, wakataka waonyeshwe, nikawaambia hakuna kinachoonyeshwa. Yule mzee wa maneno aliniuliza kama nimegeuka askari wa hoteli. Nikamwambia ndiyo. Sikuondoka pale ila kwa sala na kwa chakula, na kila niliporudi nilihesabu viganja kwanza. Upepo wa bahari ulikuwa na unyevu, nikafunika pipa kwa bati. Na jioni hiyo na usiku wake wote nilitamani kutazama. Natamani niseme hamu ilikwisha. Ilikuwepo mpaka mwisho, nikaikalia tu.

Jumatatu, jua likiwa limeanza kupanda, baba alikuja akipapasa ukuta. Akainua bati, akauzamisha mkono kwenye chokaa, akauacha humo. Niliutazama mkono ule uliopotea hadi kifundoni, na nikaona kwamba nisiposema sasa, habu ikitoka nzima sitasema tena maisha yangu yote.

"Baba," nikasema, "ile ya kwanza haikuwa haraka ya dada. Ni mimi niliyeifukua. Nikaipangusa kwa kitambaa kibichi."

Hakuutoa mkono. "Nilijua si haraka yake," akasema. "Mkono wake naujua, nimeulea mimi."

Hata hapo, katikati ya kukiri kosa, kitu kilinichoma. Nikamwuliza swali ambalo nadhani nilikuwa nalo tangu mwezi ule wa kelele chini ya banda.

"Na wangu, baba? Waujua?"

Aliusogeza mkono ndani ya chokaa. Kisha akasema, "Wako una haraka. Nilikufundisha mbiombio, mwanangu. Watoto walikuwa na njaa na sikuwa na kazi, nikataka ujue upesi nipate kupumua. Nikipitisha kidole kwenye kazi yako naiona ile haraka. Ni yangu. Ndiyo maana siwezi kuisifu."

Akaitoa habu kutoka chokaani, akaipuliza, na hakupitisha gumba lake. Aliichukua mikono yangu yote miwili akaniwekea habu juu yake, kisha akakishika kidole gumba changu akakiweka mwanzoni mwa mshono.

"Pitisha wewe," akasema. "Polepole."

Nikapitisha. Mshono ulikwenda chini ya kidole changu bila kusimama popote, mwanzo hadi mwisho. Tuliifunga habu kabla ya saa nne, na trekta likalima siku ile na siku zilizofuata, shamba letu na mashamba ya majirani wanne, na mvua iliposhuka ilikuta ardhi imefunguka.

Mchana ule ule nilimpigia dada simu. Nilisikia kelele za jenereta nyuma yake na mtu akimwita. Nilikuwa nimepanga kumwomba radhi kwa maneno marefu, na yote yakanipotea.

"Fundi," nikasema, "imeshika."

Akaniuliza nimemwitaje, nikamwambia amesikia. Hapo akacheka, akaniambia nimpelekee baba salamu, akarudi kazini. Nilibaki na simu mkononi. Lilinitoka kwa shida neno lile, na kusema kweli, liliniuma.